Sheria ya Shimo Kirongwe

Katika milima ile hapakuwa na mtoto wa kufundishwa Sheria ya Shimo, kwa kuwa kila mmoja aliinyonya pamoja na maziwa: anayekumbuka ndiye achimbaye, ardhi ikimkataa mara tatu, ni mwongo, na mwongo wa shimo hapigwi viboko wala hafungwi gerezani, bali nchi hung'olewa kichwani mwake. Wengi walikwisha kuwaona waliong'olewa. Watu hao walikula, walisali, walitaja majina ya wajukuu wao pasipo kukosea. Ila walisimama katika nyua walimozaliwa kama abiria aliyeteremshwa kituo kisicho chake, na kila asubuhi waliuliza njia ya kisimani.

Siku ya tatu ya uchimbaji, jua likiwa utosini, Nakijwa Mndeme alisimama ukingoni mwa shimo la Tanurini akimtazama mzee asiye na hatia akijichimbia adhabu hiyo.

Nakijwa alikuwa na miaka sitini na saba, na kwa miaka thelathini alikuwa Msimamizi wa Mashimo wa Kirongwe. Yeye ndiye aliyegawa miraba kwa kamba, yeye ndiye aliyepima tabaka za udongo, na neno lake juu ya mahali pa kuchimba halikupingwa. Mzee aliyekuwa shimoni aliitwa Mbonea, mtu wa Kirongwe Bondeni. Miaka hamsini nyuma, mvua zilipokosekana mwaka wa tatu mfululizo, wanaume kumi na mmoja wa Bondeni walipanda mlimani wasirudi. Watu wa Kirongwe Mlimani, kijiji cha juu, walisema wenzao walihamia nyikani kufuata maji. Mbonea alisema waliuawa juu ya ukuta wa ndiva, lile bwawa la udongo lililonywesha mashamba ya vijiji vyote viwili, na kwamba yeye wa kumi na mbili aliponea chupuchupu, bega likiwa limepasuliwa kwa panga.

Lakini ndiva ya zamani haikuwapo tena. Ilijaa tope, ikaachwa, ikalimwa matuta, na mpya ikajengwa juu zaidi. Mbonea, ambaye hakukanyaga Mlimani kwa nusu karne, hakuweza kulitofautisha tuta hili na lile. Akamuuliza Msimamizi, kama ilivyo desturi. Nakijwa akanyoosha mkono, akasema, "Ukuta ulikuwa hapa."

Alijua kwamba haukuwa pale.

"Tayari, Mama," alisema Irira, fundi wa mashine, mtu mpole mwenye ndevu za mvi, ambaye kazi hiyo alifundishwa na Nakijwa mwenyewe.

Mashine yenyewe iliitwa Mkumbushi. Udongo mwekundu wa Upare umejaa chembe za chuma, ndogo kuliko vumbi la unga. Jambo zito likitendeka juu yake, uwe moto, kishindo cha miguu mingi, au damu, ambayo nayo ina chuma chake, chembe hizo hujipanga kwa namna moja na kubaki hivyo karne kwa karne, madhali hapana aliyezivuruga. Lakini mpangilio huo ni kitabu kisichosomeka mpaka apatikane mtu hai aliyekuwapo. Sindano ndefu ya Mkumbushi huchomekwa ardhini, ukanda wake hufungwa kichwani mwa shahidi. Na pale kumbukumbu ya mtu inapolingana na ya udongo, taswira huinuka juu ya shimo kama ukungu wenye rangi, kila mwenye macho akaiona. Mashine bila mtu ni kipofu, na mtu bila udongo aweza kudanganya.

Tanurini, hata hivyo, palikuwa mahali ambapo wahunzi wa kale walifua chuma. Chini ya dhiraa moja ya udongo palilala tandiko nene la mavi ya chuma, yaani takataka za tanuri zao, na juu ya tandiko hilo Mkumbushi alikuwa kama mtu anayetega sikio apate mnong'ono katikati ya ngoma ishirini. Nakijwa alilijua hilo. Katika Kirongwe nzima, alilijua yeye na kaka yake tu.

Irira aliisukuma sindano. Mbonea akafumba macho. Ukungu uliinuka, wa kijivu, usio na sura, ukazunguka kidogo na kuanguka.

"Mara ya pili," alisema Irira kwa sauti ndogo. "Imekataa."

Vijana wa Mlimani waliokaa juu ya tuta wakashangilia.

"Chimba, babu!" mmoja alipaza sauti. "Huenda ukalipata jiko la bibi yako!"

"Shuka huku useme hivyo!" alijibiwa na kijana wa Bondeni.

"Nishuke kwa nini? Huku juu ndiko kwenye maji. Ninyi teremkeni mkanywe jasho."

Ng'ambo ya shimo walisimama wanaume arobaini wa Bondeni, mapanga viunoni, na mbele yao Kiangi, mtu wa miaka arobaini na tisa na miezi kadhaa, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Alizaliwa baba akiwa amekwisha kutoweka.  Ndipo jiwe likarushwa. Lilitoka kwenye tuta, likampiga Mbonea juu ya jicho, na mzee akaanguka kifudifudi shimoni.

Kabla vumbi halijatulia, kijana mmoja wa Bondeni alikuwa amepanda tuta kwa hatua tatu, akamchapa mrusha jiwe kwa mpini wa sepetu. Taya lilivunjika kwa mlio wa kuni kavu. Wengine wakaporomoka kutoka juu, wakakumbana kwa ngumi, kwa meno, kwa makarai ya udongo. Nakijwa aliingia katikati yao akiwa na sururu, akaushusha mpini wake juu ya mgongo wa kwanza na wa pili, bila kuuliza ni wa kijiji gani.

"Nyuma!" alifoka. "Panga litakalotoka alani kabla ya mara ya tatu, mwenyewe nitamtaja mbele ya Baraza! Nyuma, wana wa mama zenu!"

Wakarudi nyuma. Kijana wa taya alibaki chini akitapika damu na meno. Kiangi alishuka shimoni, akamwinua Mbonea, akampangusa uso kwa shati lake.

"Mama Msimamizi," alisema pasipo kugeuka, "mzee huyu hajasema uongo maisha yake yote. Ikikataa mara ya tatu, mimi sitajua tena nimwamini nani. Na mtu asiye na wa kumwamini huwa hana wa kumwogopa."

"Pumzikeni saa moja," alijibu Nakijwa. "Kisha ya tatu."

*

Kaka yake, Senkondo, alimngoja kwenye lango la ndiva mpya. Alikuwa na miaka sabini na miwili, mgawa maji wa vijiji vyote viwili, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata maadui zake walimvulia kofia. Mkononi alishika pembe ndefu ya msaragambo. Ikilia pembe hiyo, kila mwenye mikono mizima hutoka na jembe kwenda kazi ya wote, wala hapana ajaye na silaha. Hivyo ndivyo mababu walivyoagana, na hapakuwa na kiapo kilichoheshimiwa kuliko hicho.

"Umefanya vyema, mdogo wangu," alisema.

"Mbonea atang'olewa."

"Mzee mmoja. Ameshaishi."

"Na sisi je, hatujaishi?"

Senkondo akacheka kidogo. "Wewe ulikuwa na ulimi mkali tangu utotoni. Sikiliza. Ikikataa mara ya tatu, shimo lazima lifukiwe. Ni sheria?"

"Ni sheria."

"Na shimo hufukiwa kwa msaragambo, vijiji viwili pamoja, mapanga yamelundikwa kando. Ni sheria?"

 Nakijwa alianza kuona alikokuwa akipelekwa.

"Nina watu thelathini katika mibuni ile," aliendelea Senkondo. "Wanangu na wenzao. Bondeni wakishainama na majembe, basi. Kiangi hatakubali hukumu ya shimo, umemsikia mwenyewe. Atarudi na moto atuchome na watoto wetu ndani. Nisubiri hilo?"

"Unataka kuwaita kwa pembe. Tena."

"Iliwahi kushindwa?"

Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayesifu jembe zuri. Nakijwa akamshika mkono ulioshika pembe. Senkondo alimpiga kofi la mgongo wa mkono, mara moja. Pete ikamchana shavu, akaanguka kwenye tope la mfereji.

"Usinilazimishe," alisema, akihema. "Ukisema, mimi nitakabidhiwa kwa wenye maiti, na unajua watakavyonifanya. Mimi niliyekulea baba alipokufa. Damu ni nzito kuliko maji, Nakijwa."

Akaondoka na pembe yake kuelekea Tanurini.

Nakijwa alibaki magotini. Alipima mambo yale kama alivyozoea kupima tabaka, moja juu ya jingine. Akinyamaza, Mbonea angepotezwa katika nchi yake, na watu arobaini wangekufa migongo yao ikiwa imeinama. Akisema, angekuwa amemwua kaka yake kwa kinywa chake, na nani ajuaye kama mapanga ya Bondeni yangekoma kwa Senkondo peke yake? Hapakuwa na njia isiyo na damu. Hilo lilipodhihirika, mzigo haukupungua, bali ulikoma kuyumba. Aliona ya kuwa miaka hamsini alikuwa akiita amani jambo ambalo lilikuwa woga tu, na kwamba woga huo sasa ulikuwa ukimdai watu arobaini wengine.

Alinyanyuka, akaufuta uso kwa kanga, akashuka.

*

Walikuwa wamekwisha kumfunga Mbonea ukanda. Kovu la begani lilionekana wazi, kwa kuwa shati lilichanika. Senkondo alikaa juu ya jiwe, pembe magotini.

"Mvue," alisema Nakijwa.

Irira akamtazama asielewe.

"Mvue, mwanangu. Shahidi si huyu. Nilimwonyesha mahali pa uongo, tena nikijua. Chini hapa kuna mavi ya chuma. Hata Malaika Gabrieli angesimama hapa, mashine isingemwona. Chukua sindano unifuate."

Aliuvuta ukanda mwenyewe kutoka kichwani mwa mzee, akajifunga, akaanza kutembea. Umati ulipasuka mbele yake. Senkondo aliinuka akaita jina lake mara moja, kisha akanyamaza, kwani kuzidi kuita kungekuwa kukiri. Nakijwa alihesabu hatua mia mbili na themanini, akavuka mfereji mkavu, akasimama katikati ya migomba iliyonenepa kuliko yote ya Kirongwe. Lilikuwa shamba la kaka yake.

"Hapa. Dhiraa mbili na nusu."

Sindano ilizama kama kisu kwenye ndizi mbivu. Taswira haikusita. Iliinuka baina ya migomba, nyekundu na ya kahawia, ikasimama wima mbele ya macho ya watu zaidi ya mia.

Palikuwa na ukuta wa udongo, na wanaume kumi na wawili wameinama na majembe, migongo ikimetameta jasho. Nyuma yao wakatokea vijana. Aliyetangulia alikuwa Senkondo, mwembamba, ana miaka ishirini na miwili, naye aliinua panga kwa mikono miwili akalishusha kwenye shingo ya mtu aliyekuwa akicheka. Kicheko kilikuwa bado usoni kichwa kilipogonga udongo. Wa pili aligeuka na jembe lake, akakatwa viganja vyote viwili, akaendelea kujikinga kwa vigutu mpaka alipopigwa tena. Mmoja alipiga magoti akifumba mikono kama katika sala. Hakupewa muda wa kuimaliza. Kijana mmoja, bega limefunguka mpaka mfupa, alijitupa ng'ambo ya ukuta akatoweka; na Mbonea mzee, akijitazama, alitoa mguno kama wa ng'ombe. Wale ambao walikuwa bado wakigaagaa walisukumiwa kwenye ufa wa ukuta, udongo ukamwagwa juu yao, na vijana wakaukanyagakanyaga kwa miguu mpaka ukaacha kuinuka.

Juu ya ukuta alisimama msichana wa miaka kumi na saba, mashavu yamevimba, pembe kinywani.

Mkumbushi haonyeshi sauti. Wangeweza kudhani ya kuwa msichana yule alipiga pembe kuita watu kazini, akiwa hajui. Nakijwa aliwaona wakidhani hivyo. Aliiona huruma ikianza nyusoni, naye angeweza kuipokea akanyamaza.

"Mara ya kwanza nilipiga kuwaita," alisema kwa sauti iliyofika nyuma kabisa. "Sikujua. Mara ya pili nilijua. Kaka yangu aliniambia nisiache kupuliza ili vilio visifike Bondeni. Nilipuliza mpaka wote wakanyamaza."

 Kisha Senkondo akapiga mluzi, na mibuni ikatapika watu thelathini.

Yaliyofuata hayakuwa vita, kwa kuwa vita vina mpangilio. Watu walikatana wakiwa wamebanana baina ya migomba, na utomvu wa migomba ulichanganyika na damu hata haikujulikana kipi kimetoka wapi. Mwana wa kwanza wa Senkondo alimpasua mtu wa Bondeni tumbo, na yeye mwenyewe akapigwa shoka la kisogoni kabla hajalichomoa panga. Kiangi alipoteza vidole viwili akikinga pigo lililomlenga Mbonea. Mtu mmoja alitambaa kuelekea mfereji, matumbo mkononi, akiomba maji, na mfereji ulikuwa mkavu.

Nakijwa alishika sururu akaanza kuchimba. Anayekumbuka ndiye achimbaye. Sheria haikusema mpaka kutakapokuwa na utulivu. Alikata mizizi ya migomba, akatupa udongo, akakata tena. Panga lilipita likamfungua mkono wa kushoto kutoka kiwiko hadi kifundo. Akaufunga kwa kanga, akaendelea kwa mkono mmoja.

"Acha!" Senkondo alikuwa amesimama juu yake, panga limeinuliwa, uso umelowa machozi. "Mdogo wangu, acha! Nakuomba kwa jina la mama!"

"Nipige, kaka. Nikiacha mimi, hapana mwingine ajuaye."

Panga lilibaki hewani. Hapana ajuaye kama lingeshuka, maana Kiangi alikuja kwa nyuma na jembe. Pigo la kwanza lilimvunja Senkondo goti. La pili lilimzamia chini ya sikio. Akaanguka katika shimo, juu ya miguu ya dada yake, na kwa muda macho yake yalimtazama kama mtoto aliyeamshwa. Nakijwa alimshika kichwa mpaka macho yalipotulia. Kisha akamsogeza kando, akapiga sururu, na ncha yake ikagota kitu kisicho jiwe.

Alilitoa fuvu kwa vidole, akalipangusa, akaliinua juu ya kichwa chake.

Mmoja baada ya mwingine, waliokuwa wakikatana wakaacha.

*

Watu tisa walikufa siku ile: sita wa Mlimani, watatu wa Bondeni. Waliobakia wa Senkondo walikabidhiwa kwa Baraza. Nakijwa alichimba siku nane, wala hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Siku ya nane aliwatoa wote kumi na mmoja, Mbonea akawataja kwa majina, wakazikwa upya papo hapo, katika shamba lile, kwa amri ya ndugu zao. Msaragambo wa kufukia ulifanyika pasipo pembe. Watu waliitana kwa midomo, mlango kwa mlango.

Ndipo Nakijwa akamwendea Irira, aliyekuwa na mashine kando ya makaburi, akakaa juu ya kigoda.

"Mama," alisema Irira, "mimi siwezi. Wewe ndiwe uliyenifundisha kuishika sindano hii."

"Nilikufundisha uishike sawasawa. Haya."

Kiangi, mkono umefungwa vitambaa, alikuja mbele ya watu. "Sisi wenye maiti tumeshauriana. Ulisema mwishoni, na ukachimba. Tunaweza kukuachilia."

"Tena akisahau atapumzika," alidakia mjane mmoja wa Bondeni kwa uchungu. "Mnampa dawa, si adhabu!"

"Hapana, bibi," Irira alimjibu, akiwa ameinamisha kichwa. "Mashine hung'oa mahali tu. Matendo haiyagusi. Kila alilolitenda litabaki, na kila uso. Asichokuwa nacho ni pa kulitua."



"Mwanangu Kiangi," alisema Nakijwa, "nilimwonyesha mtu mahali pa uongo ili nchi ing'olewe kichwani mwake badala yangu. Sheria haisomwi nusu. Ukinisamehe leo, kesho Msimamizi mwingine atanyoosha mkono kama mimi, akitumaini atapata Kiangi wake."

Kiangi alimtazama Mbonea. Mzee, jicho moja likiwa bado limevimba, akaitika kwa kichwa.

Walimfunga ukanda. Sindano ilichomekwa, safari hii imegeuzwa. Haikuchukua muda mrefu kuliko wa kusema sala ya chakula. Nakijwa aliuma kanga, akatoa sauti moja, akatulia. Irira akachomoa sindano, akaisafisha, akaingia nyuma ya mashine yake asionekane akilia.

"Imelipwa," alisema Mbonea kwa sauti kuu, kama ilivyompasa. "Asiwepo wa kuidai tena, si Mlimani wala Bondeni."

Watu wakaanza kutawanyika. Nakijwa aliinuka polepole. Aliitazama milima iliyomzunguka, moja baada ya nyingine, kwa adabu ya mgeni. Alimtambua Mbonea, akamsogelea.

"Kaka Mbonea," alisema, "wale kumi na mmoja. Nawaona wote, yule aliyekuwa akicheka, yule wa mikono. Nataka nikapige magoti kwao, lakini sijui wamezikwa wapi. Ni mbali kutoka hapa?"

 Mbonea akamwonyesha kwa kidole udongo mbichi uliokuwa chini ya miguu yake.